Printa iko hatua kumi, bahari inahusika vipi? Kuuelewa mtandao wa ofisini unapogoma

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban. Kesho yake asubuhi watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala walifika kazini wakakuta intaneti inajikokota. Habari ikasambaa, na wengi tukajua kwa mara ya kwanza kwamba ujumbe wa WhatsApp unaotoka Sinza kwenda Mbagala, humohumo Dar es Salaam, unaweza kuvuka bahari kabla ya kufika.

Elimu ile ilikuja na mkanganyiko wake. Jumatatu hiyo nilikuwa kwenye ofisi moja yenye kompyuta kumi na nne, na printa ilikuwa haichapi. Mhasibu akaniambia kwa uhakika kabisa, "Kaka, hujasikia? Waya wa baharini umekatika." Printa yenyewe ilikuwa hatua kumi kutoka kwenye kiti chake. Karatasi aliyoituma haikuwa na safari ya Durban. Ilitakiwa itoke kwenye kompyuta yake, iingie kwenye waya wa ukutani, ipite kwenye kisanduku kidogo cheusi kilichokaa kwenye korido, kisha itokee kwa printa. Kama haikufika, basi ilipotelea ndani ya kuta zilezile nne.

Tangu siku ile nimekuwa nikisikia maneno "mtandao haupo" yakibebeshwa kila aina ya ugonjwa: waya uliotafunwa na panya, anwani iliyokosewa, swichi iliyoungua kwa umeme wa kurudi ghafla, na bili ambayo haijalipwa. Mgonjwa akisema "naumwa" tu, daktari hawezi kuandika dawa. Kwa hiyo tuanze na majina.

Mtandao wa ndani ni zile nyaya na vifaa vinavyounganisha kompyuta za jengo moja: kompyuta yako, ya jirani yako, printa, seva (kompyuta inayotunza mafaili ya wote), kamera za ulinzi. Intaneti ni ulimwengu ulioko nje ya mlango. Kifaa kinachosimama mlangoni kati ya hivyo viwili kinaitwa ruta. Kifaa kinachogawa mawasiliano humo ndani, chumba kwa chumba, kinaitwa swichi. Na waifai ni njia ya kuingia kwenye mtandao wa ndani bila waya. Waifai si intaneti. Simu inaweza kuonyesha mistari yote ya waifai imejaa huku ruta ikiwa haina mawasiliano yoyote na nje, kwa sababu mistari ile inapima nguvu ya mawimbi kati yako na antena na si kitu kingine.

Sasa swichi. Hiki ndicho kifaa ambacho watu wengi hawakijui, ingawa mtandao wa ofisi yoyote yenye nyaya unakitegemea.

Ifikirie kama tarishi wa ofisi aliyeajiriwa leo asubuhi. Hajui nani anakaa chumba gani, lakini ana daftari. Mtu wa chumba namba 3 akimpa barua, tarishi anaandika jina la mtumaji kwanza: "Asha, chumba 3." Kisha anaangalia barua inakwenda kwa nani. Inakwenda kwa Juma, na Juma hamo daftarini. Anafanya nini? Anatoa nakala na kugonga milango yote, isipokuwa ule ilikotoka barua. Juma akijibu, tarishi anaandika, "Juma, chumba 7." Kuanzia hapo barua za Asha kwa Juma zinakwenda mlango wa saba moja kwa moja bila kumsumbua mtu mwingine.

Swichi hufanya hivyo hivyo. Vyumba ni matundu yake, ambayo mafundi huyaita poti, na majina ni anwani za MAC: tarakimu na herufi 12 ambazo kila kadi ya mtandao hupewa kiwandani. Jina lililokaa kimya muda mrefu hufutwa daftarini. Kwenye swichi nyingi muda huo ni sekunde 300, yaani dakika tano. Ndiyo maana ukihamisha kompyuta kutoka poti moja kwenda nyingine, hakuna wa kupewa taarifa. Kompyuta ikituma chochote tu, daftari linajirekebisha.

Zamani haikuwa hivi. Etaneti, teknolojia inayobeba mitandao hii, ilibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs kwenye maabara ya Xerox huko Marekani, na wakati huo kompyuta zote zilining'inia kwenye waya mmoja mnene. Mmoja akisema, wote wanasikia. Wawili wakisema pamoja, maneno yanagongana na kila mmoja anarudia. Swichi ya kwanza ya etaneti iliingia sokoni mwaka 1990 kutoka kampuni iitwayo Kalpana, ikiwa na poti saba. Nalieleza hili kwa sababu lina matokeo kwa anayetafuta hitilafu. Kwenye waya mmoja, ugonjwa wa mmoja ulikuwa wa wote. Kwenye swichi kila mtu ana mlango wake, kwa hiyo unaweza kukosa mtandao wewe peke yako huku jirani yako anayekaa meza hiyohiyo anafanya kazi kama kawaida. Watu wanaposhindana, "Kwangu upo!" "Kwangu haupo!", wote wawili wanasema kweli.

Na ubishi huo ndio kipimo cha kwanza, wala hauhitaji kifaa chochote: ni wangapi wamekwama, na wamekaa wapi? Akiwa ni mtu mmoja, tafuta kati ya kompyuta yake na poti yake. Wakiwa ni watu wa chumba kizima au ghorofa moja, tafuta swichi inayowahudumia, au waya unaoiunganisha swichi hiyo na nyingine. Wakiwa ni wote lakini wanaweza kuchapa na kufungua mafaili ya seva, mtandao wa ndani ni mzima. Tatizo liko kwa ruta au kwa kampuni inayowauzia intaneti. Na wakiwa ni wote, hata kuchapa hakuwezekani, na mtandao unakuja na kukata kila baada ya sekunde chache, hapo kuna jambo baya zaidi ambalo nitalifikia.

Kipimo cha pili ni macho. Kila poti ya swichi ina kitaa. Kikiwaka, maana yake pande mbili zimeunganika na zinasikiana. Kikipepesa, kuna mawasiliano yanayopita. Kikiwa kimezima kabisa, acha kubonyeza mipangilio ya kompyuta. Waya umechomoka, umekatika, poti imekufa, au kompyuta yenyewe haijawashwa. Chukua waya unaojua ni mzima, uubadilishe. Bado? Hamisha kwenda poti nyingine. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Ukibadilisha waya, poti na mipangilio kwa pamoja na mtandao ukarudi, hutajua kilichokuponya, na wiki ijayo utaanza upya.

Lakini kuna imani moja hapa inayopoteza watu wengi: kwamba taa ikiwaka, waya ni mzima. Waya wa mtandao una nyuzi nane ndani yake, zilizosokotwa jozi nne. Kwa mwendo wa megabiti 100 kwa sekunde zinatumika jozi mbili tu. Kwa mwendo wa megabiti 1,000 zinahitajika zote nne. Uzi mmoja kwenye jozi zile mbili za ziada ukikatika, au fundi akibana kichwa cha waya vibaya, mara nyingi taa itawaka vizuri tu na mtandao utafanya kazi, ila kwa sehemu ya kumi ya mwendo wake. Mwenye kompyuta atalalamika kwamba mashine yake ni nzito, atanunuliwa mashine mpya, nayo itakuwa nzito.

Tukiwa bado kwenye nyaya: etaneti ya waya wa shaba imepangiwa mita 100 kutoka swichi hadi kompyuta, na mita hizo zinahesabika na kona zake zote, juu ya dari na chini ya ngazi, sio kwa mstari ulionyooka hewani. Epuka kuulaza waya huo bega kwa bega na nyaya za umeme kwa safari ndefu. Na kwenye maduka yetu kuna makasha ya waya wa bei rahisi ambao uzi wake ni wa aluminiamu uliopakwa shaba juu. Kwa macho huwezi kuutofautisha. Uparue ncha kwa wembe. Ukiona weupe ndani, huo si wa shaba. Unavunjika upesi ukikunjwa na unadhoofisha mawimbi. Ni afadhali kuvuta mita chache za waya wa kweli kuliko kuijaza dari waya utakaokusumbua miaka kumi.

Kuna ugonjwa wa kukubaliana pia. Simu za kawaida zinaruhusu watu wawili kuongea kwa pamoja. Redio za upepo za walinzi haziruhusu, mmoja anaongea kisha anasema "ova" ndipo mwenzake aanze. Swichi na kompyuta hukubaliana zenyewe zitumie mtindo upi. Fundi akilazimisha upande mmoja uwe kama simu na upande wa pili akauacha ujiamulie, upande wa pili hukosa wa kupatana naye na kuangukia mtindo wa redio ya upepo. Mmoja anasema bila kusubiri, mwingine anasubiri zamu. Kutuma kitu kidogo kunawezekana, faili kubwa linakwama. Dawa yake ni kuziacha pande zote mbili zikubaliane zenyewe, au kulazimisha zote mbili sawasawa.

Taa inawaka, waya ni mzima, bado hupati kitu? Sasa uliza kompyuta ina anwani gani. Hapa nazungumzia anwani ya IP, ile inayogawiwa mtu anapoingia kwenye mtandao, tofauti na ile MAC ya kiwandani. Kwa kawaida hugawiwa na huduma iitwayo DHCP, ambayo kwenye ofisi ndogo imo ndani ya ruta. Kwenye Windows andika ipconfig kwenye dirisha la amri. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, soma hivi: kompyuta imeomba anwani, hakuna aliyejibu, ikajipachika yenyewe. Kompyuta mbili zenye anwani za namna hiyo zinaweza kusikilizana, lakini mlango wa kutokea hazina.

Wakati mwingine anwani inakuwepo, ila ni ngeni. Ofisi nzima inatumia anwani zinazoanza na 10.0.5, wewe una inayoanza na 192.168.1. Mara nyingi kuna mwenzenu aliyeleta ruta ya nyumbani ili apate waifai karibu na meza yake, akaichomeka kwenye waya wa ukutani. Ruta hiyo nayo inagawa anwani, na kompyuta inamkubali yeyote aliyewahi kujibu. Ndiyo maana tatizo huonekana la bahati nasibu: aliyewasha mashine saa mbili asubuhi yuko salama, aliyewasha saa tatu amepotea. Sitaki kumlaumu aliyeileta. Alitafuta waifai kwa sababu ilipotakiwa kuwepo haikuwepo. Lakini aambiwe, na ruta iondolewe au ipangwe upya.

Baada ya anwani, kuna amri moja ambayo kila mwenye ofisi ndogo angepaswa kuijua. Inaitwa ping, hutuma ujumbe mfupi kwa mashine nyingine na kusubiri jibu, iliandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, na jina lake limetokana na mlio ambao manowari hutoa na kusikiliza mwangwi wake. Itumie hatua kwa hatua. Anza kwa kuandika ping na anwani ya ruta yenu, ambayo ipconfig inakuonyesha kama Default Gateway. Ikijibu, mtandao wa ndani kati yako na mlango ni mzima, umeshavuka nusu ya maswali. Kisha andika ping 8.8.8.8, ambayo ni mashine ya Google iliyoko nje. Ikijibu, intaneti ipo. Kisha andika ping na jina la tovuti yoyote. Kama namba inajibu na jina halijibu, kilichokufa ni DNS, kile kitabu cha simu kinachogeuza majina kuwa namba; njia yenyewe iko wazi. Tahadhari moja: kompyuta nyingi za Windows zimepangwa zisijibu ping kutoka kwa wengine. Kimya cha kompyuta ya jirani hakithibitishi kwamba imekatika.

Ofisi kubwa zina jambo moja zaidi, VLAN, yaani kuigawa swichi moja kuwa kama swichi kadhaa zisizoonana: uhasibu kwao, wageni kwao, kamera kwao. Hapo waya unaweza kuwa mzima, taa inawaka, na bado umekwama kwa sababu umechomeka kwenye poti ya kundi lisilo lako. Ukihama meza na mtandao ukapotea, hilo ndilo la kumuuliza fundi kwanza.

Sasa lile baya. Mafundi wanaliita lupu.

Mrudie tarishi wetu. Kuna barua nyingine ambazo hazina jina la mtu, zimeandikwa "kwa wote". Kompyuta hutuma za namna hii kila mara, mathalani inapoomba anwani au inapouliza, "Nani hapa ni printa?" Tarishi huzigawa milango yote. Sasa chukulia mlango namba 5 na mlango namba 6 vimeunganishwa kwa nyuma bila yeye kujua. Nakala aliyoiingiza mlango wa 5 inatokea mlango wa 6. Kwake hiyo ni barua mpya, "kwa wote", kwa hiyo anaigawa tena milango yote, pamoja na wa 5. Nayo inarudi. Ile aliyoiingiza wa 6 inatokea wa 5. Hachoki wala hakumbuki kwamba ameshaiona. Pakiti, yaani vipande vya data vinavyosafiri kwenye intaneti, zina hesabu inayopungua kila zinapovuka ruta mpaka zinakufa. Barua za etaneti hazina hesabu hiyo. Zitazunguka mpaka mtu achomoe waya au umeme ukatike. Na daftari nalo linavurugika: barua ya Asha ilitoka chumba 3, sasa nakala yake inatokea mlango wa 6, basi tarishi anafuta na kuandika "Asha, chumba 6", na barua zinazokwenda kwa Asha zinaanza kupelekwa ukutani.

Hii ndiyo dhoruba inayoweza kuliangusha jengo zima kwa waya mmoja wa nusu mita. Dalili yake ni taa za swichi zote zikipepesa kwa pamoja, haraka, bila kupumzika, hata saa ambayo hakuna anayefanya kazi.

Dawa ilibuniwa mwaka 1985 na Radia Perlman, akiwa kwenye kampuni ya Digital Equipment Corporation. Utaratibu wake unazifanya swichi ziambizane zenyewe kwa zenyewe, zichague moja iwe mzizi, kisha zifunge njia zozote za ziada zinazotengeneza mzunguko. Njia iliyo wazi ikikatika, iliyofungwa inafunguliwa. Swichi za kisasa zenye mipangilio zinao utaratibu huo. Vile visanduku vya bei nafuu vya poti tano au nane tunavyovisukuma chini ya meza, vingi havina.

Na hata penye utaratibu huo kuna mipaka. Novemba 2002 hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, ilipoteza mtandao wake kwa takriban siku nne, madaktari na wauguzi wakarudi kwenye karatasi. Swichi zilikuwa zimeongezwa moja baada ya nyingine kwa miaka mpaka mnyororo ukawa mrefu kuliko utaratibu ule ulivyoweza kuumudu. Naiheshimu hospitali hiyo kwa sababu ilieleza hadharani kilichotokea, ili wengine wajifunze.

Utaratibu huohuo una tabia moja inayowachanganya watu wa kawaida. Ukichomeka kompyuta, swichi ya mtindo wa zamani husikiliza kwanza kwa sekunde 30 kabla ya kufungua poti, ikihakikisha hakuna mzunguko. Katika sekunde hizo kompyuta imeshaomba anwani, ikakosa, ikajipachika 169.254. Huyu ndiye yule anayesema, "Kila asubuhi nikiwasha mtandao haupo, nikichomoa waya na kuchomeka tena baada ya muda unakuja." Fundi akiiambia swichi kwamba poti hiyo ni ya kompyuta tu, kusubiri kunakwisha.

Limebaki lile ambalo wote tunalifanya: kuzima kila kitu na kuwasha. Linasaidia, sikatai. Swichi iliyoganda inaamka, daftari linaanza upya, anwani zinagawiwa upya. Lakini linafuta ushahidi. Swichi yenye mipangilio huhesabu makosa ya kila poti, na daftari lake linaonyesha nani yuko wapi; ukizima, mengi ya hayo yanapotea, na kama chanzo ni lupu, itarudi dakika ileile ya kuwasha. Kabla hujagusa swichi ya umeme, piga picha taa zilivyo kwa simu. Andika saa tatizo lilipoanza, nani amekwama na nani hajakwama, na kitu gani kilisogezwa au kuchomekwa siku hiyo. Fundi akipokea maelezo hayo kwa simu, anaweza kuja na waya sahihi mkononi badala ya kuja kuuliza.

Swali la mwisho kati ya hayo ndilo lililotutoa siku ile ya Mei. Taa kwenye kisanduku cha korido zilikuwa zinapepesa zote kwa pamoja. Tulichomoa waya mmoja mmoja, tukisubiri kidogo kila mara, na ulipotoka wa nne taa zikatulia. Tukaufuata waya huo kwa mkono: ulitoka kwenye kisanduku, ukapita nyuma ya kabati, ukarudi kwenye kisanduku hichohicho. Kijana mmoja wa ofisi alikuwa amefika mapema, akakuta intaneti nzito, akajaribu kusaidia kwa kukaza nyaya zote zilizolegea. Mmoja ulikuwa unaning'inia bila kazi, akauchomeka. Printa ikaanza kutoa karatasi zilizokwama tangu asubuhi, moja baada ya nyingine, mpaka trei ikajaa. Intaneti iliendelea kuwa nzito siku kadhaa zaidi, na hiyo kweli ilikuwa ya baharini.